Maulidi ya Lamu na Mgeni Aliyetoka Ngazija

Ye yote atakaye kuuona mji wa Lamu ukiwa umejaa watu na furaha, na aende mwishoni mwa Mfungo Sita. Huo ndio mwezi aliozaliwa Mtume Muhammad, nao Waarabu huuita Rabi-ul-Awwal. Miji mingi ya Waislamu wa pwani husoma Maulidi mwezi huo, lakini yale makubwa ya Lamu huwa katika juma la mwisho, na kilele chake ni usiku wa kuamkia Ijumaa ya mwisho. Yampasa msafiri aulize tarehe kabla ya kukata tikiti, maana miezi hiyo hufuata kuandama kwa mwezi, na kila mwaka sikukuu hurudi nyuma kwa siku 11 hivi. Mkulima aliyezoea kuhesabu majira yake kwa masika na vuli ataikuta mwaka mmoja wakati wa kupalilia, na baada ya miaka michache wakati wa kuvuna.

Kutoka Mombasa ni safari ya kutwa kwa motokaa. Njia hupita Malindi, ikavuka mto Tana karibu na Garsen, ikapita Witu penye minazi na miembe, mpaka Mokowe. Zamani sehemu hiyo ya mwisho iliwatesa wasafiri kwa mchanga wakati wa jua na kwa matope wakati wa mvua, lakini katika miaka ya karibuni imetiwa lami. Mokowe ndipo nchi kavu inapokoma. Hapo motokaa huachwa, na kila mtu huingia chomboni, awe mkubwa au mdogo, akavushwa mlango wa bahari hadi kisiwani.

Mgeni atokaye bara hushangazwa kwanza na njia za mji. Ni nyembamba hata watu wawili wenye mizigo hulazimika kupishana kwa ubavu, na mwenye kuzitumia kwa haki zaidi kuliko wote ni punda. Punda ndiye lori la Lamu. Hubeba mawe, mchanga, saruji, magunia ya unga na hata masanduku ya wageni, na mtu anaposikia sauti ya kuomba njia nyuma yake hana budi kujibana ukutani upesi. Jambo la pili ni lugha. Mji huitwa mui, njia huitwa ndia, moja ni moya, na kuja ni kuya. Watu wa bara waliojifunza Kiswahili shuleni hucheka wanaposikia maneno hayo, wakidhani kwamba wenyeji wanakosea. Haifai kucheka. Kiswahili cha vitabu vya shule kilitokana na lahaja ya Unguja, iliyochaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Lakini kabla ya hapo, lugha ya kaskazini ilikuwa imekwisha kuwa lugha ya washairi kwa muda mrefu. Mwana Kupona binti Mshamu, bibi wa Pate aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, aliutunga kwa lugha ya upande huu wa pwani. Basi anayecheka hucheka wazee wa lugha yake mwenyewe.

Katika siku za kwanza za sikukuu mji huwa na michezo, na wageni wengi wasio Waislamu hudhani kwamba michezo hiyo ndiyo Maulidi yenyewe. Kuna mashindano ya punda pwani mbele ya mji. Washindani ni vijana, na wengi wao ni wale wale wapakiao punda mizigo siku nyingine zote. Hupanda bila matandiko, na punda wengine hubadili nia katikati ya mbio wakaingia katika umati wa watu. Hapo kicheko husikika hata ng'ambo. Kuna mashindano ya majahazi, ambayo watu wa Lamu huyaangalia kwa makini zaidi, kwa kuwa sifa ya fundi aliyekiunda chombo na ya nahodha anayekiongoza huwa zimo hatarini. Upepo unapokuwa mkali mabaharia hutoka wakaketi juu ya ubao uliotokeza nje ya chombo, ili uzito wao ukizuie kisipinduke. Kuna bao, kuna kuogelea, kuna mashindano ya hati za Kiarabu na ya hina. Jioni huchezwa goma, nalo ni jambo la kutazamwa kwa utulivu: wanaume waliovaa kanzu husimama safu, kila mmoja na bakora yake, wakaenda kwa taratibu sana kwa kufuata ngoma na zumari. Wapendao mchezo mkali hukimbilia kirumbizi, wanakopigana vijana wawili wawili kwa fimbo huku zumari ikiwatia moto.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, ndio wakati mzuri wa kuzunguka mji. Sehemu ya kaskazini huitwa Mkomani, na huko ndiko ziliko nyumba kubwa za mawe. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuzuia joto lisiingie, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Fundi wa zamani hakuwa na chuma cha kuunganishia, kwa hiyo upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu upande mmoja na vyembamba upande mwingine, na upana wake haufiki sana zaidi ya mita 3. Mtu aingiapo hupita daka penye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba hupokea watu wasio wa nyumbani, kisha hufika kiwanda kilicho wazi juu, halafu msana, halafu ndani. Kadiri mtu aingiavyo ndani ndivyo nyumba inavyozidi kuwa nzuri, maana fahari yake haikukusudiwa wapita njia. Ukuta wa chumba cha ndani umejaa vidaka, safu juu ya safu, vyenye nakshi za chokaa, na humo ziliwekwa sahani za Kichina na vitabu.

Katika makumbusho ya mji, yaliyomo katika nyumba kubwa ya pwani iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, wageni huelezwa habari za siwa. Siwa ni baragumu kubwa ya kifalme. Mashuhuri ni mbili, ile ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba na ile ya Pate iliyotengenezwa kwa pembe za ndovu, na zote mbili zina umri wa zaidi ya miaka 200. Haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa katika arusi na sherehe za watu wa nasaba, na mtu asiye na nasaba hakuweza kuitumia hata angekuwa na fedha. Vivyo hivyo na nyumba za mawe. Hazikuwa za kila mtu. Lamu ya zamani ilikuwa mji wa daraja, mngwana juu na mtwana chini, na uzuri wote huo wa Mkomani ulisimama juu ya migongo ya watu waliolima mashamba ya bara na kuchoma chokaa. Si vyema kuusifu mji huo na kulisahau neno hili.

Katikati ya mji iko ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela na kisha kuomba ulinzi wa Sayyid Said wa Maskati. Tangu mwaka 1910 hadi 1984 ngome hiyo ilikuwa gereza. Wazee wengi wa wilaya walioijua ngome hawakuijua kama kumbukumbu ya ushindi bali kama mahali pa kuogopwa. Siku hizi milango yake iko wazi, na nje yake, katika uwanja, watu hucheza bao na kunywa kahawa.

Lakini mgeni akitembea kuelekea kusini, nyumba za mawe hupungua na mchanga huzidi. Hapo ni Langoni. Zamani mtaa wa huku ulikuwa wa vibanda vya udongo na makuti, na waliokaa humo walikuwa maskini, wageni kutoka visiwani, na watumwa na watoto wa watumwa. Ndipo mahali ulipo Msikiti wa Riyadha, wenye mnara na kuba ya kijani, na ndipo watu wote wanapoelekea usiku wa Alhamisi. Mtu hujiuliza: kwa nini sikukuu iliyo kubwa kuliko zote katika mji wa wangwana haikuwekwa katika misikiti mikongwe ya Mkomani, bali huku mchangani?

Jibu lake ni habari ya mtu mmoja. Sharifu Swaleh bin Alawi Jamalil-Leyl, ambaye watu wote humwita Habib Swaleh, hakuzaliwa Lamu. Alizaliwa Ngazija, katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu uliotoka Hadhramaut. Alikuja Lamu angali kijana, akasoma kwa wanazuoni wa mji, naye alikuwa pia na ujuzi wa kuuguza watu. Kwa nasaba yake angaliweza kukaa vizuri pamoja na wakubwa. Lakini alichagua kukaa Langoni, akaanza kuwafundisha dini watu ambao hakuna aliyeona haja ya kuwafundisha. Katika siku zile utumwa ulikuwa haujafutwa na sheria. Ulifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kumkalisha mtwana chini na kumfasiria Kurani kama afasiriwavyo mngwana lilikuwa jambo zito. Wakubwa wengine wa mji hawakupendezwa nalo hata kidogo, kwani mtu akijua ya kwamba mbele ya Mungu yu sawa na bwana wake, huenda kesho akalitaka hilo shambani pia.

Ikazuka habari ya matwari. Twari ni ngoma ndogo ya duara, iliyowambwa ngozi upande mmoja. Maulidi yaliyozoewa zamani yalikuwa ya Barzanji, na wenye elimu waliyasoma kwa utulivu, wakiwa wameketi. Habib Swaleh akaleta maulidi mengine, yaliyotungwa na mwanachuoni wa Seiwun katika Hadhramaut, Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Haya yalisomwa kwa kaswida na kwa matwari, tena ndani ya msikiti. Jina la Riyadha lenyewe lilitoka huko Seiwun, katika msikiti wa mwalimu huyo. Waliopinga walisema kwamba ngoma na msikiti ni vitu viwili visivyokaa pamoja. Hoja hiyo haikuwa ya upuuzi, na mpaka leo wako masheikh wa pwani wanaoishikilia kwa dalili zao. Si kazi ya mpita njia kuwahukumu. Lakini ni rahisi kuona jinsi watu wa Langoni walivyolipokea jambo lile. Ngoma walikuwa nazo tangu kale, wakiambiwa ni mchezo wa washenzi. Sasa alikuja sharifu, mtoto wa nyumba ya Mtume, akawaambia wamsifu Mtume kwa mikono ile ile iliyozoea kupiga ngoma.

Msikiti ulijengwa mnamo mwanzo wa karne ya 20, na chuo kikawa pamoja nao. Wanafunzi walikuja kutoka sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, wakarudi kwao wakiwa walimu, na popote walipokwenda walichukua maulidi ya al-Habshi na matwari yake. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Wanawe na wajukuu wake wakashika kazi, na sikukuu ikazidi kukua hata wale waliokuwa wakiitazama kwa mbali wakaanza kuiita yao. Kwa sasa mtu wa Mkomani akimkaribisha mgeni, humwambia kwa fahari, "Karibu katika Maulidi yetu." Miaka 100 na kitu imetosha kuigeuza nongwa kuwa fahari ya mji.

Usiku wa Maulidi uwanja wa Riyadha hauna nafasi ya kutia mguu. Wanaume hukaa ndani ya msikiti na nje juu ya mikeka iliyotandikwa mchangani, na wanawake hukaa upande wao, wengi kiasi kwamba mabuibui huwa kama bahari ya usiku. Wamo Wakomoro, wamo watu wa Unguja na Tanga, Waganda, Wabajuni wa visiwani, Wapokomo, na wazee wenye vilemba ambao vijana huwabusu mikono. Safu mbili za wapigaji hukaa zikielekeana. Msomaji husoma kwa Kiarabu habari za kuzaliwa kwa Mtume, kisha huja kaswida, na matwari huanza polepole kama mvua ya kwanza juu ya bati, yakazidi, yakazidi, na wapigaji huinama na kuinuka pamoja kama shamba la mpunga lililopigwa na upepo. Msomaji afikapo mahali panaposimuliwa kuzaliwa kwenyewe, watu wote husimama. Hapo marashi ya mawaridi hunyunyizwa juu ya vichwa, na moshi wa udi hupanda. Baada ya hayo ni kahawa chungu na halua. Hakuna atakayeulizwa yeye ni nani wala anatoka mlango gani. Mwenye kuketi hupewa.

Siku ya Ijumaa ni siku ya ziara. Watu hukusanyika makaburini, mahali alipozikwa Habib Swaleh, wakaomba dua, kisha huondoka kwa safu wakiwa na bendera na matwari, wakapita katika vichochoro mpaka Riyadha. Wakristo waliosoma habari za miji ya Ulaya watakumbuka jinsi kule kila mji ulivyo na siku ya mtakatifu wake, na jinsi watu wanavyoandamana siku hiyo. Mfano huo unafaa, ila si kamili. Waislamu hawamwabudu aliye kaburini, na wenye chuo hukazania jambo hilo kwa wanafunzi wao. Sikukuu ni ya Mtume, na Habib ni mwalimu anayekumbukwa kwa sababu aliwaonyesha watu njia ya kuiadhimisha.

Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuingiza mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo imeleta watalii na fedha, na imeleta masharti: mwenye nyumba ya kale hawezi kuibomoa wala kuibadili apendavyo. Lakini nyumba ya matumbawe ni mali ya gharama. Chokaa yake hudai kutengenezwa kila baada ya muda, boriti huoza, na mwaka 2018, Serikali ilipopiga marufuku kukata miti, hata wakataji wa mikoko wa Lamu walijikuta bila kazi, ingawa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yao. Mjane aliyerithishwa chumba kimoja na nusu katika nyumba ya ukoo atapata wapi fedha ya kumlipa fundi? Ndiyo maana nyumba nyingi, hasa Shela, zimenunuliwa na wageni kutoka ng'ambo. Wengi wao wamezitengeneza vizuri kuliko zilivyokuwa. Vidaka vimepakwa chokaa mpya na milango ya nakshi inang'aa kwa mafuta, na mwaka mwingi milango hiyo imefungwa, mlinzi ameketi barazani peke yake.

Maulidi hayajapatwa na hali hiyo. Hayana jengo la kununuliwa wala hati ya kuhamishwa. Yana hatari nyingine, nayo wazee huitaja kwa sauti ya chini: kwamba michezo ya pwani, yenye zawadi na wafadhili na wapiga picha, itakuja kuimeza ibada ya usiku, na kijana wa Lamu atalijua jina la punda aliyeshinda kuliko jina la mtu aliyewakalisha babu zake chini akawafundisha kusoma. Wengine hujibu kwamba kijana aliyevutwa na punda mchana huweza kuvutwa na twari usiku. Anayetazama safu za wapigaji huona kweli nyuso za vijana walewale, mmoja akiwa bado na mkwaruzo gotini kwa kuanguka pwani.

Ijumaa jioni vyombo huanza kuondoka. Wa Faza na Pate huwahi maji yakiwa yamejaa, maana ndia ya Mkanda haipitiki maji yakitoka. Wa Mombasa na Tanga hulala, na alfajiri hujazana gatini wakiwa na vikapu vya halua, mikate ya mofa iliyofungwa katika nguo, na kofia mpya zilizoshonwa kwa mkono na wanaume wa mjini. Waganda huhesabiana ili mtu asisahauliwe. Nyuma yao, Langoni, watoto wa chuo hukunja mikeka na kukung'uta mchanga, na mmoja wao, akidhani mwalimu hamwoni, huchukua twari lililoegemezwa ukutani akaligonga mara mbili tatu kwa ncha za vidole.